Kaharabu Hutoka Wapi? Mti, Kaburi na Bandari

Mkoa wa Mara una dhahabu ya kutosha kuwafanya watu waamini kwamba ardhi yake imeficha kila kitu. Nyamongo, wilayani Tarime, kuna mgodi mkubwa. Buhemba na Kiabakari, wilayani Butiama, palichimbwa tangu zama za ukoloni, na wachimbaji wadogo wangali wanashuka kwenye maduara hadi leo. Upande wa Bunda kuna Kinyambwiga. Mtu aliyezoea kuona jiwe la kijivu likiingia kwenye karasha na kumrudishia pesa hawezi kulaumiwa akiuliza: kama dhahabu ipo, kwa nini kaharabu isiwepo? Nayo kaharabu, ile ya rangi ya asali inayotungwa kwenye tasbihi za Muscat na Dubai, ina soko lake na wateja wake.

Miamba ya dhahabu ya Mara haina kaharabu, wala haiwezi kuizaa. Sababu yake ndiyo inayofungua suala zima, kwa kuwa inatulazimisha kuuliza kaharabu hutengenezwa vipi, wapi, na kwa muda gani. Wanaoizungumzia kaharabu, wauzaji na hata wataalamu, mara nyingi huchanganya maswali matatu chini ya jina moja la "asili". La kwanza ni mti uliotoa ulimbo. La pili ni kaburi, yaani tabaka la udongo lililouzika ulimbo huo na kuukomaza. La tatu ni bandari au soko lililoupa jina. Mambo hayo matatu ni nadra kukutana mahali pamoja. Ukiyatenganisha, ramani ya kaharabu duniani inasomeka, na nafasi ya Afrika Mashariki ndani yake inaonekana kuwa kubwa kuliko tunavyodhani.

Ulimbo, gundi na ambari

Kaharabu ni kisukuku: ulimbo wa mti uliokaa ardhini kwa mamilioni ya miaka hadi ukabadilika. Kuna vitu viwili vinavyochanganywa nayo, na ni vizuri kuviweka kando mapema.

Cha kwanza ni ambari. Hiyo hutoka tumboni mwa nyangumi aina ya kachaloti, huelea baharini, na kwa karne nyingi imeokotwa kwenye fukwe za Bahari ya Hindi na kuuzwa kwa watengeneza manukato. Ambari ni zao la mnyama. Kaharabu ni zao la mti.

Cha pili ni gundi ya mgunga, na hapa ndipo mtu wa Mara anapopaswa kusimama kidogo. Nyika ya kutoka Bunda kuelekea lango la Ndabaka na Serengeti imejaa migunga, na mtoto aliyechunga mbuzi huko anazijua zile tonge za gundi zinazotoka kwenye gome na kutafunika. Zina rangi ya kaharabu na zinang'aa kama kaharabu, lakini kikemia hazina undugu nayo. Gundi ya mgunga ni minyororo ya sukari. Ukiitia majini inayeyuka, na mvua za msimu mmoja zinatosha kuimaliza. Ulimbo umeundwa kwa kemikali za jamii ya terpeni. Hauyeyuki majini, unanukia, na mti huutoa kuziba jeraha na kuwazuia wadudu na kuvu. Ubani na manemane viko katikati, maana vina gundi na ulimbo kwa pamoja. Nyika ya migunga inaweza kusimama miaka milioni kumi na isiache nyuma yake hata chembe ya kaharabu.

Ulimbo wa kweli ukizikwa, molekuli zake huanza kushikana. Vitu vyepesi vinavyoupa harufu huvukizwa polepole, na kinachobaki hugandamana kuwa mtandao mmoja mgumu. Kazi hiyo inahitaji udongo wenye unyevu usiopitisha hewa, kwa sababu hewa huuozesha ulimbo. Inahitaji mgandamizo na joto la kiasi, kwa sababu joto likizidi huuteketeza. Na inahitaji muda.

Kwa nini si Mara

Miamba yenye dhahabu ya Musoma, Butiama na Tarime ni sehemu ya ukanda wa kale wa volkano ulio ndani ya kitako cha bara ambacho wanajiolojia hukiita Kratoni ya Tanzania. Umri wake unazidi miaka bilioni 2.5. Majabali ya itale yanayoonekana Mwitongo pale Butiama, na yale yaliyotapakaa kando ya ziwa mjini Musoma, ni ya kizazi hicho cha kale. Wakati miamba hiyo inatengenezwa, uhai wote wa dunia ulikuwa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mimea ya kwanza ya nchi kavu ilitokea takriban miaka milioni 470 iliyopita, na misitu ya kwanza miaka milioni 385 hivi iliyopita. Kwa hiyo ukilipima pengo hilo, dhahabu ya Kiabakari ilikwisha kulala kwenye nyufa zake zaidi ya miaka bilioni mbili kabla mti wa kwanza haujasimama popote duniani.

Hata namna ya kuumbwa kwake inakataa kaharabu. Dhahabu ya aina hii huletwa na maji ya moto yaliyopita kwenye nyufa za mwamba kwenye kina kirefu, katika joto la mamia ya nyuzi. Ulimbo ungeletwa hapo ungeungua. Mchimbaji wa dhahabu hufuata mshipa wa mwamba mgumu. Mchimbaji wa kaharabu hutafuta mchanga, mfinyanzi na makaa ya mawe. Ni fani mbili zenye ramani mbili.

Tabaka changa zipo kandokando ya ziwa, lakini zina kasoro ya upande wa pili. Ziwa Victoria lenyewe hukadiriwa kuwa na umri wa miaka 400,000 hivi, na lilikauka kabisa au karibu kabisa kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita. Kwa kaharabu, huo ni muda mfupi mno.

Ng'ambo ya mpaka, katika kisiwa cha Rusinga nchini Kenya, kuna tabaka za umri wa kati. Zina takriban miaka milioni 18 hadi 20, umri uleule wa kaharabu maarufu za Karibea. Huko ndiko Mary Leakey alikopata fuvu la nyani wa kale Proconsul mwaka 1948. Msitu wa Rusinga ulizikwa na majivu ya volkano ya Kisingiri, na majivu hayo yalihifadhi matunda, mashina ya miti na hata wadudu kwa kuwageuza mawe. Kuna msitu, kuna umri, kuna hifadhi nzuri ya viumbe, lakini njia iliyotumika ni ya majivu. Rusinga inatufundisha kwamba umri peke yake hautoshi. Lazima uwe msitu wa miti inayotoa ulimbo kwa wingi, na lazima uzikwe kwa njia inayofaa.

Makaburi makubwa ya dunia

Hazina kubwa kuliko zote iko kusini-mashariki mwa Bahari ya Baltiki. Inakadiriwa kwamba kama asilimia 90 ya kaharabu inayoweza kuchimbwa duniani iko katika rasi ya Sambia, jimbo la Kaliningrad nchini Urusi, ambako mgodi wa wazi wa Yantarny ndio mkubwa kuliko yote. Umri wa kaharabu hiyo ni kati ya miaka milioni 34 na 48. Kinachoshangaza ni tabaka inamopatikana, linaloitwa udongo wa buluu. Rangi hiyo hutokana na glaukoniti, madini yanayojitengeneza chini ya bahari. Msitu haukuota baharini. Mito iliusomba ulimbo kutoka kwenye misitu, ikaumwaga kwenye delta, na bahari ikauzika. Baadaye sana, barafu za zama za baridi zilifukua sehemu ya hazina hiyo na kuitawanya hadi Poland, Lithuania, Denmark na pwani ya Uingereza. Mtu anayeokota kipande ufukweni Gdańsk leo ameshika kitu kilichohama walau mara mbili.

Mti wenyewe bado una mjadala. Wataalamu wa karne ya 19 waliupa jina la msonobari, Pinus succinifera. Uchunguzi wa kikemia uliochapishwa mwaka 2009 ulielekeza kwenye jamii ya Sciadopityaceae, ambayo leo imebakiwa na spishi moja tu, huko Japani. Wengine wamependekeza jamii nyingine kabisa. Kaharabu inayojulikana zaidi duniani, iliyouzwa kwa Warumi na kuelezwa na Pliny Mkubwa katika karne ya 1 kuwa ni ulimbo wa mti, haijapata mama anayekubaliwa na wote.

Jamhuri ya Dominika na jimbo la Chiapas, Mexico, zina habari tofauti. Umri ni mdogo, wa enzi ya Mayosini, na kwa Dominika hukadiriwa kati ya miaka milioni 15 na 20. Mti unajulikana: ni wa jenasi Hymenaea, jamii ya kunde. Mwaka 1991 mtaalamu wa wadudu wa kale George Poinar aliutangaza mti wa Dominika kwa jina la Hymenaea protera kutokana na maua na majani yaliyonaswa ndani ya kaharabu. Alipoulinganisha na ndugu zake walio hai, aliona haukaribii zaidi spishi nyingi za Hymenaea zinazoota katika Amerika ya tropiki. Ndugu yake wa karibu alikuwa Hymenaea verrucosa, msandarusi wa pwani ya Afrika Mashariki. Nitaurudia mti huo.

Bonde la Hukawng katika jimbo la Kachin, Myanmar, lina kaharabu ya miaka milioni 99 hivi, ya wakati wa dinosaria. Mwaka 2016 ulitangazwa mkia wa dinosaria mdogo wenye manyoya, uliopatikana ndani ya kipande kilichonunuliwa sokoni Myitkyina. Hazina hiyo ina doa. Jimbo la Kachin lina vita vya muda mrefu kati ya jeshi la serikali na waasi, na mwaka 2017 jeshi liliteka eneo la machimbo. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo kiliyaomba majarida yasitishe kuchapisha tafiti za vipande vilivyotoka huko baada ya machimbo kutekwa. Hapa, mahali pa kununua palificha hali ya mahali pa kuchimba.

Lebanon ina kaharabu ya zaidi ya miaka milioni 120. Kwenye milima ya Dolomiti nchini Italia kuna matone ya miaka milioni 230 yenye kupe wadogo wa mimea. Ulimbo wa kisukuku wa zamani kuliko huo ulitoka kwenye makaa ya mawe ya Illinois, Marekani, na una miaka milioni 320. Gujarat nchini India kuna kaharabu ya zaidi ya miaka milioni 50, iliyotokana na miti ya jamii ya Dipterocarpaceae. Orodha hiyo inaonyesha kwamba uwezo wa kutoa ulimbo umezuka katika koo nyingi za miti, na kwamba makaburi mazuri ni machache kuliko miti.

Ethiopia na hatari ya kusoma kaburi vibaya

Afrika nayo ina kaharabu ya kweli. Iliyovuma zaidi ni ya nyanda za juu za Ethiopia, eneo la Shewa Kaskazini. Mwaka 2010 kundi kubwa la watafiti liliitangaza kuwa ya zama za Kretasia, takriban miaka milioni 95. Ilikuwa habari kubwa, maana wadudu wa Afrika wa wakati huo karibu hawajulikani. Ndani yake alikuwamo sisimizi aliyeonekana kuwa miongoni mwa wazee wa ukoo wake.

Miaka michache baadaye hesabu ilibadilika. Wadudu waliomo walifanana mno na wa sasa, na chavua nayo ilionyesha enzi ya karibu zaidi. Leo kaharabu ya Ethiopia inahesabiwa kuwa ya Mayosini ya mwanzo, kati ya miaka milioni 16 na 23. Imepoteza zaidi ya miaka milioni 70 kwa mkupuo mmoja.

Thamani yake ya kisayansi haikupotea; ilihama. Badala ya kutuambia habari za Afrika ya dinosaria, inatuambia habari za misitu ya Afrika Mashariki wakati uleule nyani wa Rusinga walipokuwa wakila matunda. Kwa mnunuzi wa kawaida ipo tahadhari: kama wataalamu wenye maabara wanaweza kukosea umri kwa kiasi hicho, karatasi ya muuzaji iliyoandikwa "miaka milioni mia" isipokewe bila kuuliza imepimwa na nani.

Sandarusi: kaharabu iliyozaliwa juzi

Sasa turudi kwa msandarusi. Huota katika misitu ya pwani kuanzia Kenya hadi Msumbiji, na Madagascar. Gome lake likijeruhiwa hutoa ulimbo mwingi unaodondoka, kuganda na kuzikwa mchangani chini ya mti. Ulimbo huo ni sandarusi, na kwa zaidi ya miaka elfu moja ulikuwa bidhaa.

Ushahidi wa zamani sana ulipatikana mbali na pwani yetu. Katika magofu ya Tell Asmar nchini Iraq, mji wa kale wa Eshnunna, wachimbuaji walikuta kidani katika kaburi la milenia ya 3 kabla ya Kristo. Kwa miaka mingi kidani hicho kilidhaniwa kuwa kaharabu. Mwaka 1991 Carol Meyer na wenzake, akiwamo mwanakemia Curt Beck aliyebuni njia ya kuitambua kaharabu ya Baltiki kwa miali ya infraredi, walichapisha matokeo ya vipimo: kidani ni sandarusi ya aina inayotoka Afrika Mashariki na visiwa vyake. Kilitengenezwa kama miaka 4,500 iliyopita. Karibu zaidi na kwetu, uchunguzi wa mabaki ya Unguja Ukuu uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu wa karne ya 7 na ya 8 walikuwa wakifukiza sandarusi.

Karne ya 19 ndiyo iliyoipeleka sandarusi duniani. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na meli za mji wa Salem, Massachusetts, zikawa wageni wa kudumu wa Unguja. Zilileta shuka za merikani. Zilirudi na pembe za ndovu na sandarusi. Sandarusi iliyeyushwa ikawa vanishi ya fanicha na ya magari ya farasi, na ile ya Unguja ilisifika kwa ugumu wake kuliko nyingine zote.

Jina la biashara lilikuwa "sandarusi ya Unguja", ila sehemu kubwa ya mzigo haikuchimbwa Unguja. Ilitoka Mrima, bara ya pwani: Uzaramo, Rufiji na mabonde yanayopakana nayo. Richard Burton, aliyepita huko mwaka 1857 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1860, alieleza jinsi wenyeji walivyochimba mashimo mafupi kwenye udongo mwekundu. Wanunuzi walitofautisha daraja mbili. Sandarusi mbichi, iliyotoka mtini karibuni, iliitwa chakazi na bei yake ilikuwa duni. Iliyokaa ardhini muda mrefu, mahali ambapo mara nyingi mti wenyewe ulikwisha toweka, ndiyo iliyotafutwa. Ikisafishwa ngozi yake ilionyesha vipele vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na mnunuzi wa Salem au Hamburg alivitazama vipele hivyo kabla ya kutaja bei.

Uhusiano wa daraja hizo mbili ulibishaniwa. Wapo walioamini kwamba sandarusi ya ardhini ilitoka kwenye mti uliokwisha angamia duniani. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyekuwa ofisini mwa konseli wa Uingereza Unguja tangu 1866, alifuatilia vielelezo vyenye majani na maua na kufikia uamuzi kwamba mti ni uleule unaoota hadi leo. Tofauti ilikuwa ya muda wa kuzikwa tu.

Muda huo ni mfupi kwa kipimo cha jiolojia. Vipimo vya kaboni kwa sandarusi za Madagascar, zilizokuwa zikiuzwa kwa wakusanyaji kama vitu vya mamilioni ya miaka, vimeonyesha kwamba nyingi zina umri wa mamia ya miaka, na nyingine hata miongo tu. Mwaka 2020 kundi la watafiti lilipendekeza ngazi za majina: kaharabu kwa ulimbo wa zamani zaidi, kisha sandarusi ya enzi ya Plaistosini, kisha ya Holosini, na mwishowe ulimbo uliotoka baada ya mwaka 1760, wakati ambapo binadamu ameanza kupunguza viumbe wa misitu kwa kasi. Ulimbo mwingi wa pwani yetu uko kwenye ngazi za chini. Mti tunao, na mchanga wa kuuzika tunao. Kinachokosekana ni miaka milioni kadhaa.

Nani alifaidi jina

Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameonyesha kwamba sandarusi iliwaingiza watu wa bara ya pwani katika uchumi wa dunia kwa masharti yao wenyewe kwa muda fulani. Familia ilichimba msimu wa kilimo ukilegea, ikapata nguo na bidhaa bila kuacha shamba. Utawala wa Wajerumani ulipoanza kutenga misitu ya hifadhi na kudhibiti matumizi yake, njia hiyo ilibanwa.

Soko nalo likageuka. Kongo ya Kibelgiji ilianza kumwaga ulimbo wa mti mwingine, Guibourtia demeusei, kwa wingi na kwa bei rahisi. New Zealand iliuza ulimbo wa mti wa kauri. Kisha kemia ikamaliza kazi. Leo Baekeland alipata hataza ya Bakelite mwaka 1909, na katika miongo iliyofuata vanishi za viwandani zikaiacha sandarusi nyuma.

Bakelite na plastiki za jamii yake hazikuishia kuua soko la vanishi. Zilitumika pia kutengeneza shanga za rangi ya kaharabu, zikauzwa Afrika nzima, na leo hurudi Ulaya na Marekani zikiitwa "kaharabu ya Afrika". Nyingi hazijapata kuuona mti. Bandari ya Unguja ilitoa jina kwa sandarusi ya Mrima, na baadaye soko la shanga likatoa jina la bara zima kwa plastiki ya kiwandani. Ndiyo maana asili ya bandari ni ushahidi dhaifu kuliko zote.

Msomaji wa Musoma anayeuziwa tasbihi na mtu aliyetoka safari anaweza kujilinda kwa vipimo viwili vya nyumbani. Cha kwanza ni maji yenye chumvi nyingi, iliyokorogwa hadi haiyeyuki tena. Kaharabu na sandarusi huelea humo; Bakelite huzama, na kioo huzama. Kipimo hiki hakitenganishi kaharabu na sandarusi, hivyo kinafuatwa na cha pili: tone la asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, mahali pasipoonekana. Sandarusi hulainika na kunata kidoleni kwa sababu molekuli zake hazijashikana vya kutosha. Kaharabu iliyokomaa haibadiliki. Kwa vitu viwili tu utakuwa umeanza kujibu swali la mti na swali la kaburi bila kumtegemea muuzaji. Plastiki nyingine nyepesi huelea pia, kwa hiyo kipande cha bei kubwa kinastahili maabara.

Tulicho nacho mkononi

Mtu anaweza kuhitimisha kwamba Tanzania imepunjwa. Warusi wana kaburi, Wadominika wana kaburi, jirani zetu wa Ethiopia wana kaburi. Sisi tuna ulimbo mchanga uliopoteza soko. Hitimisho hilo linapima kaharabu kwa kilo tu.

Kaharabu inathaminiwa na sayansi kwa sababu huhifadhi viumbe wadogo kwa undani usiopatikana kwenye jiwe lolote. Filamu zimewafanya watu waamini kwamba hata vinasaba vinaweza kutolewa humo. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walijaribu kwa nyuki walionaswa katika sandarusi ya Colombia, mmoja akiwa na umri wa takriban miaka 60 tu, na hawakupata vinasaba vya kale vya kuaminika. Kinachobaki ni umbo: mbawa, nywele, macho. Umbo hilo ndilo wanalotumia kueleza misitu ya zamani ilikuwaje, na hapo huja swali gumu. Je, wadudu walionaswa ni picha ya msitu wote, au ni wale tu waliopita karibu na gome?

Swali hilo halijibiwi Kaliningrad wala Dominika, kwa sababu miti yao imekufa. Linajibiwa penye mti ulio hai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha wadudu wanaonaswa na ulimbo wa Hymenaea verrucosa katika misitu ya Madagascar na wale wanaonaswa kwa mitego kwenye msitu huohuo. Ulimbo uliwanasa zaidi wanaoishi kwenye shina na karibu nalo. Msitu uliobaki uliwakilishwa kwa kiasi kidogo. Kwa matokeo hayo, kila kipande cha kaharabu duniani kinasomwa kwa uangalifu zaidi, na aliyetoa ufunguo ni mti uleule unaoota pwani yetu.

Mti huo haulindwi na jina lake. Misitu ya pwani ya Tanzania imebaki vipande vipande, na mfano unaojulikana ni Pugu na Kazimzumbwi karibu na Dar es Salaam, ambako mkaa na mashamba vimekula sehemu kubwa. Kila kipande cha msitu wenye misandarusi kikikatwa, tunapoteza mahali ambapo hatua ya kwanza ya kaharabu bado inatokea mbele ya macho. Kaburi linaweza kungoja mchimbaji miaka milioni nyingine. Mti haungoji.

Kwa mkoa wa Mara, faida ya uchambuzi huu ni ya kivitendo pia. Masoko ya madini yaliyofunguliwa nchini tangu 2019 yamewazoesha watu kuuliza uzito na bei. Swali la tatu, la umri na aina ya mwamba, lingewaokoa wengi wanaoshawishiwa kuchangia mtaji wa kutafuta vito mahali ambapo vito hivyo haviwezi kuwapo. Atakayesema ameona kaharabu kwenye mshipa wa dhahabu wa Buhemba ama amekosea, ama anatafuta mtaji wa bure. Anayetaka kuijua kaharabu kwa kuigusa hana haja ya kuchimba Butiama. Apande basi hadi pwani, aulize wazee wa Rufiji msandarusi uko wapi, na alitazame gome linavyotoa ulimbo.